Ndege Zenye Adabu Mno

Asubuhi ya Februari ambayo Tihomir Brezovec hakuja kazini, Ljerka alikuwa na ndege kumi na nne zilizoganda angani, juu ya pwani, zikimsubiri.

Hazikuwa ndege za kweli. Zilikuwa vidoa vya kijani kwenye skrini, kila kidoa na jina lake na kimo chake, na visingesogea hata kidogo mpaka Tihomir aketi kwenye meza yake ya nyuma na kubonyeza kitufe cha kuanzisha zoezi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao katika chumba kile nje kidogo ya Zagreb. Kabla utaratibu wowote mpya wa kuongoza ndege haujapelekwa kwenye anga ya kweli, yenye watu wa kweli, ulijaribiwa kwanza pale, kwenye anga ya kuigiza. Upande mmoja wa ukuta walikaa waongozaji wa ndege, walewale wa kila siku, wakiongoza kama wako zamu. Upande wa pili walikaa Ljerka na wenzake wanane, marubani wa kuigiza, kila mmoja na hedfoni yake na kundi lake la ndege, wakijibu redio. Ljerka hakuwahi kurusha hata tiara. Lakini kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekuwa rubani wa nusu ya mashirika ya ndege ya Ulaya, na wakati wa kiangazi alikuwa pia rubani wa ndege za kuzima moto wa misitu.

Saa tatu ilipita, ikafika na robo.

“Tiho kachelewa?” Stipe aliuliza kutoka meza ya jirani. “Basi kiyama kimefika, na sisi hatujaambiwa.”

“Ni theluji hiyo,” Ljerka alisema.

“Theluji gani, mama? Yule theluji anaivuka kwa hatua nne.”

Saa nne kasoro dakika tano simu ya ofisini ililia. Alikuwa mke wa Tihomir. Mumewe alikuwa akizoa theluji mbele ya gereji, nyumbani kwao Samobor. Aliegemeza koleo ukutani, akaketi kwenye ngazi apumzike, na hakuinuka tena. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Hakuna aliyejua aiweke wapi mikono yake. Wengine walivua hedfoni, wengine wakazisahau masikioni. Mwishowe Ljerka aliinuka, akaenda mpaka meza ya nyuma, akalizima zoezi. Ndege zote zilitoweka kwa mpigo mmoja, na skrini zikabaki na ramani tupu ya bahari na visiwa.

Kwa Ljerka, Tihomir hakuwa mwenzake wa kazi tu. Alikuwa kum wake, aliyemshika binti yake mbele ya padri siku ya ubatizo, na kum ni ndugu unayejichagulia mwenyewe. Walikuwa wakinywa kahawa pamoja kila siku ya kazi, na kahawa yao haikuwa ya kunywa kwa kusimama. Ukihesabu miaka kumi na tisa ya kahawa za namna hiyo, hayo ni maongezi ambayo watu wengi hawayapati katika ndoa.

Jeneza liliagizwa kwa vipimo maalumu, kwa sababu marehemu alikuwa na mita mbili kasoro sentimita mbili. Kwenye kona ya kanisa wabebaji walikwama. Walirudi nyuma, wakasogea mbele, wakanong’onezana kwa hasira mpaka padri akakohoa. Baadaye, kwenye chakula cha matanga, supu ikiwa mezani na watu wakiwa wamenyong’onyea, Stipe alisema, “Hata huko alikokwenda lazima ameomba kiti cha mlangoni, apate pa kunyooshea miguu.” Mjane alicheka kwanza, ndipo na wengine wakapata ruhusa.

Ljerka hakucheka. Si kwamba aliudhika. Kicheko kilimfika kooni kikarudi.

*

Alichokiacha Tihomir kazini kilikuwa karatasi moja kubwa iliyokunjwa mara nane: mchoro wa chumba kipya cha waongozaji.

Chumba cha zamani kilikuwa kimezeeka, na hakikuwa na nafasi ya kupanuliwa. Kampuni moja ya samani ilikuwa imeleta mpango wake, meza zote kwenye safu moja iliyonyooka, na kioo kati ya kila meza na jirani yake. Tihomir aliutazama, akasema, “Hii ni posta. Mtu akija hapa atauliza stempu.” Ndipo akaanza kuchora chake. Aliziweka meza kwa umbo la kwato ya farasi, ili wanaoongoza kanda ya kaskazini na wanaoongoza kanda ya pwani waelekeane, nyuso kwa nyuso, juu ya skrini zao.

Alikuwa na sababu. Waongozaji wale wana lugha yao ya mikono, ambayo haiko kwenye kitabu chochote. Kiganja wazi maana yake usimlete kwangu bado. Vidole viwili, mlete. Ngumi sikioni, nipigie simu, habari ni ndefu. Simu ipo, na sheria inasema itumike, lakini simu inakula sekunde nane na mkono unakula moja. Katika chumba cha zamani ilibidi mtu ageuze shingo ndipo auone mkono wa mwenzake. Tihomir alitaka wasigeuze kitu. Wainue macho tu.

Aliujaribu kwa maboksi. Jumamosi moja ya Novemba alikusanya maboksi ya friji na ya viatu, akayakata, akayapanga sakafuni kuwa meza na skrini. Yeye aliketi upande wa pwani. Upande wa kaskazini aliketi Vedran, mwongozaji aliyekuwa akicheza mpira wa kikapu mpaka goti lilipomkatalia. Ljerka alileta štrukli, vipande vya unga vilivyojazwa jibini, kwenye sinia, akakaa sakafuni akiwasomea ndege kutoka kwenye daftari. Kiganja, vidole, kiganja, ngumi. Wanaume wale wawili walielewana kama mapacha. Mazoezi yalipokwisha, Tihomir alikuwa amekula štrukli tisa na anatabasamu kama bwana harusi.

“Kum,” alimwambia Ljerka, “hiki ndicho kitu cha kwanza nilichofanya humu ndani ambacho nitaweza kukigusa kwa mkono.”

Ljerka aliyakumbuka maneno hayo mwezi wa Aprili, mkuu wa kituo alipowaita wote.

“Seremala ametengeneza meza za majaribio kwa mchoro wa marehemu,” mkuu alisema. “Siku tatu za kuigiza. Ukipita, tunajenga hivyo. Ukifeli, tunanunua ule wa kampuni na hatuzungumzi tena. Nimesubiri mwaka mzima, sisubiri wa pili.”

Kwa hiyo lilikuwa jambo la siku tatu. Ama kwato ya farasi itasimama katika chumba kipya, na kila siku watu thelathini watakaa ndani ya kitu alichokitengeneza Tihomir, ama karatasi itakunjwa mara nane na kurudi kwenye droo. Ljerka hakumwambia mtu, lakini usiku na mchana hakutaka kitu kingine.

*

Siku ya kwanza kila kitu kilikwenda kama maji kwenye mfereji.

Kwenye meza ya pwani aliketi Jagoda, mmoja wa waongozaji hodari kuliko wote, mwanamke mdogo wa umbo aliyefika mabegani mwa watoto wake wa sekondari. Vedran alikuwa kaskazini. Nyuma yao alisimama Morana, mwanasaikolojia kutoka Rijeka aliyekodiwa kupima majaribio, na saa ya kuhesabia sekunde ikiwa shingoni kama refa. Morana hakuwahi kukutana na Tihomir.

Upande wa pili wa ukuta, Ljerka alikuwa na ndege inayoitwa Galeb thelathini na nne, iliyopaa kutoka Split ikipanda kuelekea kaskazini. Stipe alikuwa na Vihor saba, iliyokuwa ikishuka kutoka kaskazini kwenda Split. Njia zao zilipishana mpakani mwa kanda mbili. Hapo ndipo mkono ulipotakiwa. Jagoda amwonyeshe Vedran kiganja, usimshushe bado, na Vedran amzuie Vihor juu.

Ljerka aliangalia skrini yake. Vihor haikuzuiwa. Iliendelea kushuka.

Basi alifanya kitu kidogo sana. Hakuna mwongozaji aliyemwamuru, lakini aliipunguzia Galeb mwendo wa kupanda, taratibu, kama mtu anayempisha bibi mlangoni. Wakati huohuo alimsikia Stipe akisema redioni kwa sauti yake ya kirubani, “Zagreb, Vihor saba, tunaona ndege chini yetu, mnataka tuendelee kushuka?” Hilo ni swali ambalo hakuna rubani mwenye njaa na mke anayemsubiri aliyewahi kuliuliza kwa upole vile. Vedran alishtuka, akasema, “Vihor saba, baki hapo ulipo,” na ndege mbili zikapishana kwa nafasi ya kutosha.

Ljerka alimtazama Stipe. Stipe alikuwa anatazama dari.

Mara ya pili ilikuwa hivyohivyo, na ya tatu. Kufikia mchana Ljerka alikuwa ameshaelewa kwamba si wao wawili tu. Marubani wote tisa walikuwa wanaruka kama malaika. Walijibu upesi, walirudia amri bila kukosea hata tarakimu, waligeuka pale walipotakiwa kabla hawajamaliza kuambiwa. Hakuna aliyekuwa amekula njama na mwenzake. Kila mmoja alikuwa anamzika Tihomir kwa njia yake.

Jioni hesabu ilisomwa. Ndege mia moja na themanini, zilizokaribiana isivyotakiwa: hakuna. Mkuu wa kituo alisugua viganja. Ljerka alikwenda nyumbani akiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Februari, na njiani alinunua kipande cha keki ya krimu, akakila ndani ya gari kabla hajafika kwa mumewe.

*

Asubuhi ya pili Morana aliingia kwenye chumba cha marubani akiwa na karatasi zake.

“Habari za asubuhi, mabwana na mabibi wa angani. Nina swali dogo. Nyie ni wagonjwa?”

“Kwa nini tena, daktari?” Stipe alisema.

“Jana siku nzima, hakuna rubani hata mmoja aliyesema ‘rudia’. Hakuna aliyesikia vibaya. Mlijibu kabla mwongozaji hajafunga mdomo. Ndege zenu zina adabu mno. Mimi nimepima vyumba kama hivi katika nchi sita, sijaona ndege zenye malezi namna hii.”

“Mama zetu walitulea vizuri.”

“Wewe wa Imotski? Mjomba wangu alioa huko, adabu za huko nazijua. Tusidanganyane.”

Watu walicheka kidogo, wakainamia vikombe vyao. Morana hakukasirika. Alionyesha kwa kalamu karatasi iliyobandikwa ukutani, iliyokuwa pale miaka mingi mpaka hakuna aliyeiona tena. Ilikuwa kwa mwandiko wa Tihomir: *Rubani hamsaidii mwongozaji. Rubani amechoka, anasikia nusu, na mbele yake kuna wingu.*

“Aliyeandika hivi alikuwa anajua kazi,” Morana alisema. “Mimi siwezi kuthibitisha lolote dhidi yenu. Nawaomba tu, leo mruke kama alivyosema huyu.” Akatoka.

“Kwani yeye anajua nini,” mtu mmoja alinong’ona.

Ljerka alikwenda kwenye mashine ya kahawa, si kwa kiu. Alimkuta Jagoda akikoroga kikombe chake.

“Ljerka, dada yangu, nikwambie kitu utanicheka,” Jagoda alisema. “Jana nimemwonyesha Vedran kiganja mara sita. Mara sita! Hata kope hakutikisa. Kila mara nikasema sasa basi, leo naua watu. Halafu ndege zinajipanga zenyewe. Nimemwambia mume wangu, ni Tiho yule, anatuangalia kutoka juu.”

Alisema kwa kuchezacheza, lakini macho yalikuwa yamelowa. Ljerka alishika kikombe kwa mikono miwili ingawa kilikuwa kitupu.

Mara sita. Na mwakani Jagoda ataketi kwenye meza ileile, katika chumba cha kweli, atainua kiganja mara ya saba, na upande wa pili wa redio hatakuwapo Ljerka. Atakuwapo mtu aliyechoka, anayesikia nusu, na nyuma yake abiria mia mbili wakigombania mikono ya viti.

Alitaka kumwambia, si Tiho, ni mimi. Alirudi kwenye meza yake, akavaa hedfoni, akamgeukia Stipe.

“Leo tunaruka kama watu.”

Stipe alijua anachoambiwa. “Kum wako atafeli.”

“Afeli karatasini.”

“Ljerka, ni kitu chake cha mwisho.”

“Najua kuliko wewe.” Alisogeza kipaza sauti karibu na mdomo. “Waambie wengine. Anayetaka kusinzia asinzie. Anayetaka kukosea tarakimu akosee. Na wewe acha kuuliza maswali ya kitawa redioni.”

Stipe aliinama, akaongea na meza inayofuata, na neno likapita hivyo mpaka mwisho wa safu.

*

Saa nne na dakika ishirini Galeb thelathini na nne ilipaa kutoka Split.

Ljerka aliiacha ipande. Mkono wake ulikuwa kwenye kibodi, na alijua hasa kitufe kilipo, na hakukigusa. Kutoka juu Vihor saba ilishuka. Stipe alikuwa anatafuna tini kavu za mama yake na alijibu redio mdomo umejaa, jinsi rubani wa kweli anavyoweza kufanya. Futi elfu mbili kati yao. Elfu moja na mia tano.

Redioni sauti ya Jagoda ilikuwa tulivu, lakini ikaanza kukimbia. “Galeb thelathini na nne, acha kupanda, baki futi elfu ishirini na moja.”

Ljerka alihesabu moyoni moja, mbili, tatu. “Rudia kwa Galeb?”

Hizo ndizo sekunde zilizowamaliza. Vidoa viwili viligeuka vyekundu, king’ora kikalia, na vyote viwili vikapita mpakani mwa kanda kana kwamba ni kidoa kimoja.

Morana alisimamisha zoezi. Kutoka upande wa pili wa ukuta ikasikika sauti ya Vedran bila redio yoyote.

“Mbona hukuniambia?”

“Nimekwambia! Mkono umeniuma kwa kukwambia!”

“Umeniambia wapi, Jagoda? Kwa barua?”

“Hapa! Na hapa! Na hapa tena!”

Marubani waliacha meza zao wakaja kutazama, wote, jambo ambalo halikuruhusiwa. Jagoda alikuwa amesimama, uso mwekundu, kiganja bado kiko hewani. Vedran alikuwa ameketi, mikono kichwani.

“Hebu kaa,” Morana alimwambia Jagoda kwa upole. “Kaa kama ulivyokuwa, umwonyeshe tena.”

Jagoda aliketi, akatoweka nyuma ya skrini zake. Kutoka kwenye kiti cha Vedran zilionekana ncha nne za vidole, zikitikisika.

“Kumbe ile ni mikono,” Stipe alisema. “Mimi nilidhani wamekuotesheeni maua.”

“Na wewe, Jagoda, unaona nini kutoka hapo?” Morana aliuliza.

“Nywele zake,” sauti ya Jagoda ilisema. “Na taa. Kuna buibui kwenye taa.”

Ljerka alizunguka meza, akamwomba Jagoda ampishe, akaketi kwenye kiti cha pwani. Mbele yake zilisimama skrini kama ukuta wa shamba. Alinyoosha shingo. Aliona paji la uso la Vedran, kisha hakuliona tena. Alitafuta kichwani Jumamosi ile ya Novemba, maboksi na sinia, na akaiona vizuri sana: Vedran upande ule, na upande huu, juu ya boksi la friji, uso mzima wa Tihomir mpaka kwenye kola, akitafuna. Na yeye mwenyewe sakafuni, chini kabisa, hakufikiria hata mara moja kuinuka na kukaa kwenye kiti kile.

“Aliyekaa hapa alikuwa yeye,” alisema.

Aliweka kiganja juu ya ukingo wa skrini.

“Kila mara tulipojaribu, aliyekaa hapa alikuwa Tiho. Na kule Vedran. Hakukaa mtu mwingine.”

Stipe ndiye aliyeelewa kwanza. Alifunika mdomo kwa mkono, na mabega yakaanza kumtikisika. “Mungu wangu,” alisema. “Marehemu amejichorea chumba chake mwenyewe.”

“Kwani alikuwa na urefu gani?” Morana aliuliza.

Hakuna aliyemtajia namba. Watu kumi na moja waliinua mikono kwa pamoja kumwonyesha, kila mmoja kwa kadiri anavyomkumbuka, na kwa kuwa huzuni hutia chumvi, mkono mmoja uligusa taa. Morana aliitazama ile mikono yote iliyonyooshwa kuelekea dari, asijue acheke au aombe radhi. Vedran alianza. Kisha Jagoda. Kicheko cha Ljerka, kilichokuwa kimekwama kooni tangu chakula cha matanga, kilitoka kwa kishindo kilichomtisha mwenyewe, na kilipokwisha aligundua kwamba amemshika mkono Jagoda na analia, na hakuna aliyejifanya haoni.

*

Kuungama hakukuchukua muda. Ljerka alimfuata Morana ofisini kwa mkuu wa kituo, akasema mbele ya wote wawili kwamba jana alizisaidia ndege zake, mara sita au zaidi, kwa makusudi. Wenzake hakuwataja. Stipe alikuwa nyuma yake mlangoni, akasema, “Na mimi,” na nyuma ya Stipe walikuwapo wengine saba.

Mkuu aliwatazama mmoja mmoja. “Kwa hiyo siku ya kwanza ni bure.”

“Ni bure,” Morana alisema.

“Na siku ya pili umefeli.”

“Umefeli.”

“Basi tumemaliza. Tunanunua wa kampuni.”

“Bwana mkuu,” Ljerka alisema, “bado kuna kesho. Ulisema siku tatu.”

“Kesho mtafanya nini, mama? Mtamrefusha Jagoda?”

Ljerka hakuwa amefikiria hivyo, lakini mkuu alipolisema akaona hakuna njia nyingine. Kesho yake Jagoda aliketi juu ya mito miwili ya sofa na kitabu cha simu cha mwaka 2003, miguu ikining’inia, akilalamika kwamba amefanywa sanamu la kanisa. Ndege zilikuwa na tabia mbaya kupindukia. Stipe alisikia vibaya mara kumi na moja. Ljerka alisinzia redioni, akageuka kushoto badala ya kulia, na mara moja alikohoa katikati ya amri mpaka Jagoda akamtukana kwa mama yake mzazi. Lakini kila Jagoda alipoinua kiganja, Vedran alikiona. Vidole viwili, ngumi, kiganja. Ndege mia moja na themanini, zilizokaribiana hakuna, na simu ililia mara nne tu.

Morana alimaliza ripoti yake hapohapo. Aliandika kwamba umbo halikuwa na kosa, kosa lilikuwa kimo. Kingo za juu za skrini zilikuwa sentimita mia moja ishirini na nane kutoka sakafuni, na macho ya Jagoda akiwa ameketi yalikuwa mia moja na kumi na nne.

“Nilisema sisubiri,” mkuu alisema baada ya kuisoma mara mbili.

“Mwezi mmoja,” Morana alisema. “Seremala alaze skrini ndani ya meza, azishushe. Halafu tupime upya, na kwenye viti wakae watu wa kila kimo.”

Mkuu aliupiga ule mchoro kwa kidole, mahali penye sahihi ya Tihomir. “Mwezi mmoja,” alisema. “Ukifeli tena, ni posta.”

Kwa ndege zao za siku ya kwanza marubani wote tisa walipewa barua ya onyo. Ljerka aliitia sahihi barua yake na kuirudisha siku hiyohiyo.

Wiki hii seremala anakata meza. Majaribio yanarudiwa Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, saa tatu asubuhi, na Morana atakaa kwenye kiti nyuma ya mgongo wa Ljerka, kuchunga ndege zake zisiwe na adabu tena.